Miti ya Ata Kando ya Turkwel

Jumatano, 16 Januari 2013

Sijamwambia mtu yeyote, hata padri: historia iliyoandikwa kwenye kile kibao kando ya mto niliitunga mimi.

Naanza hapo kwa sababu nikianzia kwingine sitafika. Naitwa Abigael. Nilimaliza kidato cha nne Novemba na sasa nangoja matokeo. Naishi na Ata, ndivyo tunavyomwita nyanya, mama yake baba, katika boma lake upande wa chini wa mji wa Lodwar. Baba, jina lake Ekwam, ni mlinzi wa ghala moja huko Kakuma. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Mimi ni mtu wa haya kupita kiasi. Shuleni nilikuwa nikijibu swali nimeinamia dawati.

Kazi nimeipata kwa Bwana Odongo, mwenye nyumba ya wageni karibu na daraja. Tangu mafuta yapatikane mwaka jana wageni wamekuwa wengi, na wakimaliza shughuli zao wanataka kuona kitu. Mimi ndiye ninayewatembeza. Nawapandisha kilimani kwenye sanamu ya Yesu, ambako mto unaonekana kama mstari wa kijani uliochorwa kwenye mchanga. Nawaonyesha nyumba alimozuiliwa Mzee Kenyatta wakati wa mkoloni. Wenye gari nawapeleka barabara ya Kalokol kwenye mawe yaliyosimama, na kila mmoja anaweka kokoto juu ya jiwe kabla ya kuondoka, kama tufanyavyo sisi. Kisha tunamalizia mtoni.

Mtoni ndiko iliko miti ya Ata. Ni migunga ya kizamani, yenye kivuli kipana. Mgeni akiiona anadhani ni pori. Lakini kando ya Turkwel miti ina wenyewe. Hakuna ua wala hati. Kila familia inajua mgunga wake wa kwanza na wa mwisho, na sehemu hiyo tunaiita ekwar. Hii yetu Ata aliikuta alipoolewa. Kiangazi kikikaza na majani yakiisha kila mahali, yeye huchukua ufito wake mrefu wenye ndoano, akatikisa matawi, maganda yakadondoka, mbuzi wakala. Bila maganda hayo mbuzi wetu hawafiki kwenye mvua.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na wageni kutoka Nairobi, na Bwana Odongo mwenyewe alikuja. Mwanamke mmoja mwenye miwani akauliza, "Na hapa kuna historia gani?" Nikasema ni miti ya nyanya yangu, ya kulishia mbuzi. Akapiga miayo. Bwana Odongo akanivuta kando.

"Abigael! Mtu apande ndege kutoka Nairobi aje aonyeshwe chakula ya mbuzi? Sema kitu, bana! Hata wewe si umesoma?"

Nikasema kitu. Nikasema hapa ni akiriket, mahali ambapo wanaume huchinja dume la ng'ombe, wakaketi nusu duara kwa kufuata rika, wakala nyama na kuomba mvua. Mjomba aliwahi kunisimulia akiriket moja ya upande wa Lopur. Niliibeba yote nikaishusha chini ya miti yetu. Sijui sauti ilitoka wapi. Mwanamke alivua miwani. Kila mtu aliacha kuongea ili anisikilize mimi, na sitasema uongo humu pia: nilifurahi.

Nilidhani maneno yale yataondoka nao kwa ndege. Leo Bwana Odongo amepigilia kibao kwenye mgunga: AKIRIKET YA KALE, MAHALI PATAKATIFU.

Alhamisi, 17 Januari

Ata aliuliza kibao kinasema nini. Hajui kusoma. Nikamwambia ni tangazo la hoteli.

"Mwambie huyo Odongo misumari inaumiza mti," akasema, akaendelea kukamua.

Jumatatu, 21 Januari

Upepo na mchanga. Hakuna mgeni.

Jumamosi, 26 Januari

Wageni wa shirika fulani. Nilisimulia tena. Safari hii niliongeza kwamba mawe matatu yaliyo pale ndiyo ya kuchomea nyama. Ni mawe ambayo Ata hukalia akipumzika. Walipiga picha sana.

Jumatano, 30 Januari

Mbuzi mmoja amezaa, maziwa hayatoki. Maganda ya mwanzo yameanza kukauka mtini. Ata amepaka ndoano yake mafuta.

Jumamosi, 2 Februari

Leo amekuja Mzee Lochakapong. Ni mzee anayeheshimiwa upande huu wa mto. Hata chifu humpisha kiti. Alikuja na wazee wenzake, kila mmoja na kigoda chake, wakatembea chini ya miti kama watu wanaotafuta kitu walichoangusha. Mimi nilikuwa na mgeni mmoja tu, nikatamani kujificha nyuma yake.

"Ejok, binti wa Ekwam," Mzee Lochakapong akanisalimu.

"Ejok, mzee."

"Nasikia wewe ndiwe unayewaambia wageni habari za mahali hapa. Uliambiwa na nani?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. "Tulifundishwa shuleni."

Nilingoja anicheke. Badala yake aliweka kiganja kwenye shina. Kisha akawaambia wenzake, sauti yake imebadilika, "Mnaona? Mpaka shule inajua. Sisi ndio tumesahau. Babu yangu alikuwa akisema alipewa bega la dume kando ya mto, chini ya mgunga. Nilikuwa sijui ni mgunga upi."

Mwingine akasema hata yeye alisikia hivyo. Mwingine akaonyesha pale rika lake lingeketi.

Nilikuwa nikidhani wazee wanaodai kukumbuka kila kitu ni waongo. Huyu hakuwa akidanganya. Machozi yalimlengalenga. Nilimpa kitu alichokuwa akikitafuta maisha yake yote, na hakipo.

Jumapili, 3 Februari

Baada ya kanisa nilimsindikiza Ata mtoni. Maganda yalikuwa yamekauka vizuri, ukitikisa tawi yanalia. Mbuzi walipoona ufito walianza kukimbia mbele yetu. Kwenye mgunga wa kwanza tulimkuta Mzee Lochakapong na wazee wake wameketi.

"Mama Ekwam, simama hapo hapo."

"Nisimame kwa nini? Umeona nyoka?"

"Hapa ni akiriket. Mwanamke haingii."

Ata alicheka. Kweli alicheka, akanigeukia mimi ili nicheke naye. "Lochakapong, jua limekupiga. Nimeingia hapa tangu meno yako yakiwa yote."

"Tulikuwa hatujui. Sasa tunajua. Ndiyo maana mvua imetukimbia, wanawake na mbuzi wanakanyaga mahali pa maombi."

"Na hawa watakula nini? Maombi yako?"

Wazee wengine waliguna kwa kicheko, lakini Lochakapong hakucheka. Alinyanyuka, akachukua ufito wa Ata mikononi mwake kwa adabu, kama unavyompokea mgeni mzigo, akauelekeza njia ya kurudi. Mbuzi walikuwa wameshaingia. Vijana waliokuja na wazee wakawatoa kwa mawe. Mbuzi mmoja alitoka na ganda mdomoni, akawa analitafuna polepole huku akitazama nyuma.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. "Nilidanganya." Halikutoka.

Njiani Ata alisema, "Nani amewatia wazimu huu?"

Nikasema sijui.

Jumanne, 5 Februari

Mwanambuzi amekufa.

Alhamisi, 7 Februari

Wawili.

Ijumaa, 8 Februari

Nilimwomba Bwana Odongo akitoe kibao. "Kitoke? Mtoto mzuri, hiyo kibao ndiyo inalipa mshahara yako. Na usiogope wazee, wamenishukuru! Mzee Lochakapong amesema mimi Mjaluo nimewakumbusha mila yao." Alicheka mpaka akakohoa.

Ata hukaa nje ya boma akitazama upande wa mto. Anaweza kuona miti yake alipoketi. Anaona maganda yakianguka yenyewe kwa upepo.

Nimeamua kwenda Kakuma kwa baba. Ata ni mwanamke na mimi ni mtoto, lakini baba ni mwanamume, mrithi wa babu. Akija akasema mbele ya wazee kwamba ile ni ekwar yetu, watamsikia. Na mimi sitalazimika kusema lolote.

Jumatatu, 11 Februari

Kakuma. Nimekwenda na kurudi. Nilipanda lori la mahindi, nikaketi juu ya magunia na wanawake wengine, tumejifunga vitambaa usoni kwa ajili ya vumbi.

Baba alikuwa amelala kwa sababu hulinda usiku. Karibu na ghala kuna mama wa Kikongo anaitwa Jeanine, anapika chai na maandazi kwa watu wa kambini na wa mjini. Alinikalisha kwenye kiti chake.

"Weye ni mutoto ya Ekwam? Mapua ni ileile! Kunywa chai, baba iko analala bado."

Alikuwa akichochea jiko. Nikamsifia moto kwa sababu sikujua niseme nini.

"Ni makala ya kwenu Lodwar, ya pembeni ya mto. Ile muti haitoe moshi. Haya magunia yote, ona." Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa magunia ya makaa. "Wanasema ingine itakuya mingi sana kisha uchaguzi."

Baba aliamka akafurahi kuniona. Amekonda. Nilimweleza habari ya wazee, jinsi Ata alivyotolewa na mbuzi wanavyokufa. Sikumweleza ilikoanzia. Alisikiliza akiwa ameshika kichwa, halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Wameigusa miti? Wamekata hata tawi?"

"Hapana."

Akashusha pumzi. "Vizuri. Ile miti nimeshakubaliana na watu wa makaa. Wanakata baada ya uchaguzi."

Nilidhani sijasikia. "Miti ya Ata?"

"Miti ya baba yangu. Mama yangu ana maganda, mimi nina miti."

"Bila miti kuna maganda gani, baba?"

"Abigael, mbuzi watakufa tu, kama si mwaka huu mwakani. Wewe umemaliza shule. Unataka kuwazungusha wageni wa Odongo mpaka uzeeke? Nataka uende chuo. Mimi nina kitu gani kingine cha kukata?" Aliposema hivyo alinishika bega, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Siwezi kumchukia. Nimejaribu safari nzima ya kurudi.

Kisha akasema, "Umefanya vizuri kuja kuniambia. Nitakuja mwenyewe niwaambie hao wazee ni yetu. Na nitakuja na watu wa misumeno."

Nilikwenda kumtafutia Ata mwenye kumtetea, nikamwitia msumeno.

Jumatano, 13 Februari

Nimemwambia Ata kuhusu makaa. Hilo tu. Alikuwa akisokota kamba ya ngozi. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Yote? Hata ule wenye pango la nyuki?"

"Amesema yote."

Aliendelea kusokota.

Jumatatu, 18 Februari

Siandiki kwa sababu kila siku ni ileile. Jua. Mbuzi. Ata anatazama mtoni.

Nimeyazungusha kichwani mpaka yamekwaruza. Nikisema ukweli, akiriket inakwisha, miti inarudi kwa familia, na familia ni baba, na baba anakata. Nikinyamaza, miti inasimama na Ata anakaa nje yake akihesabiwa kama mchafu, na mbuzi wanaisha mmoja mmoja. Hakuna mlango wa tatu. Nimeutafuta.

Alhamisi, 28 Februari

Nimeota nimesimama mbele ya darasa na kila mtu amegeuka mti.

Jumanne, 5 Machi

Jana watu walipiga kura. Foleni ilizunguka shule. Ata alipigia kura mtu ambaye picha yake ilikuwa na ndevu, kwa sababu za kwake.

Matokeo yangu pia yametoka. Nimepata C. Bwana Odongo aliniletea soda. Sikusikia lolote, si furaha wala huzuni.

Jumatatu, 18 Machi

Wamekuja. Niliwasikia kabla ya kuwaona, sauti ya msumeno wa mashine ukijaribiwa karibu na daraja. Nilikimbia. Mzee Lochakapong alikuwa amesimama mbele ya mgunga wa kwanza, kifua wazi, na nyuma yake wazee wengine wameketi kwenye vigoda kana kwamba wanangoja chai.

"Kateni," aliwaambia. "Anzeni na mimi, mimi ni mkavu, nitawaka vizuri."

Watu wa makaa walitazamana. Walikuwa vijana tu. Walisema mwenye miti amekubali. Lochakapong akasema akiriket haina mwenyewe. Walimpigia baba simu, baba akampigia chifu, chifu akaita baraza Jumamosi.

Huyu ndiye mzee niliyemlaani mwezi mzima kwa kumfukuza Ata. Leo alisimama mbele ya msumeno kwa ajili ya neno langu. Nilipompita aliniambia, "Usiogope, binti. Mlichofundishwa hakitakatwa."

Jumamosi, 23 Machi

Baraza lilikuwa uwanja wa karibu na mto, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Chifu kwenye meza, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mtu wa makaa alibaki ndani ya pikapu yake barabarani, mlango wazi, akila karanga.

Lochakapong alisema aliyoyasema: babu yake, bega la dume, mgunga. Alisema vizuri.

Kisha baba. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alisema, "Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini nimekulia chini ya miti ile. Nilinyonya maziwa ya mbuzi waliokula maganda yale, na nyote mlipita mkaniona. Kama ilikuwa akiriket, mbona hakuna hata mmoja aliyenifukuza?"

Watu walianza kunong'ona, na vichwa vikaanza kukubali, kwa sababu ulikuwa ukweli. Baba alikuwa anashinda kwa ukweli, na ukweli ulikuwa umeegeshwa pale barabarani pamoja na misumeno.

Chifu akasema, "Hapa kuna mtu mmoja aliyekaa na miti hii kuliko wote. Mama Ekwam aje mbele."

Ata alipita katikati ya wanaume akiegemea fimbo. Alikataa kiti. Alihamisha tumbaku shavuni.

"Mama," chifu akasema, "tuambie bila kuogopa. Ile ni ekwar ya mume wako, au ni akiriket?"

Niliomba aseme ni ekwar yake. Niliomba asiseme. Niliomba vyote viwili kwa Mungu mmoja.

"Ni akiriket," Ata akasema.

Baba alisimama. "Mama!"

"Keti, Ekwam. Wewe ulikuwa mtoto, na mtoto hupita popote. Mimi nilipoletwa hapa kuolewa, mume wangu alinionyesha mgunga wa kwanza na wa mwisho, akaniambia, humo usiingie. Nikaingia. Njaa ndiyo iliyonipeleka, na nilipoona hakuna aliyenikataza, nikaingia tena, mpaka nikaita yangu. Nimekosa. Wazee wanihukumu."

Hakutetemeka hata kidogo. Mimi peke yangu katika uwanja ule nilijua kwamba hakuna neno moja la kweli alilolisema. Alikuwa ametoa ekwar yake, mume wake, na jina lake jema, akaviweka mezani kimoja kimoja.

Wazee walinong'onezana. Lochakapong akatangaza kwamba ni lazima atoe mbuzi wa kusafisha mahali. Ata akasema, "Mweupe yupo." Mweupe ndiye pekee aliyebaki na maziwa.

Mtu wa makaa alifunga mlango wa pikapu akaondoka. Baba alikwenda kwa miguu upande wa steji, hakutuaga.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Wamemchinja mweupe chini ya miti. Wanaume waliketi nusu duara, kila rika mahali pake, Lochakapong katikati akiomba na wenzake wakiitikia. Ilikuwa nzuri sana. Bwana Odongo aliwaleta wageni, wakasimama mbali kwa heshima. Tulisikia harufu ya nyama kutoka bomani. Ata aliwafungia ndani mbuzi waliobaki ili wasiende.

Jumatano, 10 Aprili

Mto umejaa, maji mekundu kutoka milimani. Mvua imenyesha na hapa pia. Watu wote wanasema ni kwa sababu mahali pamesafishwa. Majani yameota, lakini mbuzi waliokufa hawayaoni.

Baba hajapiga simu.

Jumamosi, 13 Aprili

Ata anahamia kwa shangazi huko Kerio, ambako wanakula samaki. Anawachukua mbuzi waliobaki, ni wachache kiasi cha kuwaita wote kwa majina bila kuvuta pumzi. Anasema hawezi kukaa mahali anapoiona miti kila asubuhi.

Leo nilimfungia mizigo. Nikajisemea, sasa hivi, kabla hajaondoka. Nikaanza, "Ata, kuna jambo kuhusu ile akiriket..."

Aliniwekea mkono mdomoni. Mkono wote, wenye harufu ya tumbaku na mbuzi.

"Lochakapong anasema mlifundishwa shuleni. Shule haijui akiriket," akasema. "Nilijua ni wewe siku ile ile niliyokuuliza nani amewatia wazimu, ukasema hujui. Huwa unatazama miguu yako. Sasa sikiliza. Wakikuuliza tena ulisikia wapi, usiseme shuleni. Sema nilikusimulia mimi."

Kisha akanipa kamba nishike upande wa pili, tukafunga.

Nimebaki na boma tupu. Jumatatu nina wageni, na nitawasimulia, na safari hii nitawatazama usoni. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa umejua tunachokijua mimi na Ata tu. Ukifika Lodwar wakakuleta chini ya migunga ile, vua kofia kama wengine na usinitazame sana. Usimwambie Mzee Lochakapong, litamuua. Usimwambie baba, kwa sababu watu wa makaa bado wanapita barabarani kila juma, wakipunguza mwendo wanapofika mtoni. Nakuomba. Nyamaza nasi.